湯: ni supu au ni maji ya moto?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa Kichina. Tangu mwanzo nimejua kwamba 汤 (tāng) ni supu, na mgahawani sijawahi kukosea. Sasa tumeingia maandishi ya kale, nikakutana na sentensi ya Mengzi, mwanafalsafa wa kale: 冬日則飲湯，夏日則飲水. Nikatafsiri "siku za baridi hunywa supu, siku za joto hunywa maji". Nimerudishiwa imekatwa kwa wino mwekundu, bila maelezo. Juzi tena rafiki yangu aliyeko Japani kanitumia picha ya mlango wa bafu la umma umeandikwa 湯. Herufi hii maana yake hasa ni nini, na nitaitambuaje nikikutana nayo?

Jibu: Marahaba. Wino mwekundu ulikuwa wa haki, ila ulistahili maelezo. Katika Kichina cha kale 湯 (ndiyo hiyo 汤 yako, kwa maandishi ya zamani) ni maji ya moto: maji yaleyale ya kisima au ya mto, yakishapita jikoni. Supu ni mpangaji aliyekuja baadaye, akakaa mpaka akamtoa mwenye nyumba. Mchina wa leo akitaka maji ya moto anasema 熱水 (rèshuǐ), au 開水 (kāishuǐ) kama yamechemka. Akisema tāng ataletewa bakuli na kijiko. Wajapani waliichukua herufi mwenye nyumba akiwa bado yumo ndani, na kwao mpaka leo 湯 ni maji ya moto.

Tuishike kwanza sentensi yako, kwa sababu yenyewe inajieleza. Meng Jizi na Gongduzi wanabishana: wajibu (義, yì) unatoka moyoni mwa mtu au unawekwa na mambo ya nje? Meng Jizi anaona kwamba heshima yetu huhama, mara kwa huyu mara kwa yule, kulingana na nani amekaa wapi katika ibada, basi chanzo chake kiko nje. Gongduzi anamjibu kwa sentensi hiyo: siku za baridi tunakunywa 湯, siku za kiangazi tunakunywa 水, je, kula na kunywa nako kunatoka nje? Ukali wa jibu uko katika kwamba kinywaji ni kimoja. Kilichobadilika ni joto lake, na anayetaka kunywa ni yuleyule. Ukiweka supu upande mmoja na maji upande wa pili, umelinganisha chakula na kinywaji, na hoja imekuwa butu. Hapo pia upate kanuni ya kwanza ya kufaa: 水 na 湯 zikisimama pamoja katika maandishi ya kale, 水 isome kama maji baridi.

Xu Shen, katika kamusi yake Shuowen Jiezi aliyoimaliza mwaka 100, hakupoteza wino: 湯，熱水也. "Tāng ni maji ya moto." Akaongeza kwamba imeundwa kwa alama ya maji, na sauti yake inatoka kwa 昜 (yáng). Basi.

Ukiwa na maana hiyo mkononi, sentensi nyingi zinazowatesa wanafunzi hufunguka zenyewe. Katika Lunyu 16.11 (mkusanyo wa maneno yake) Confucius anataja watu ambao 見善如不及，見不善如探湯: wakiona jema hulikimbilia kana kwamba watachelewa, wakiona baya hujitoa kama aliyetia mkono ndani ya 湯. Kitenzi 探 (tàn) ni kuingiza mkono kutafuta kitu. Nimeona tafsiri isemayo "kama anayeonja supu", ambayo inageuza maana juu chini: mwonjaji wa supu hurudi tena sufuriani, aliyetia mkono katika maji yanayochemka harudi.

Lin Xiangru, mjumbe wa dola la Zhao, katika kitabu cha historia Shiji, akiwa mbele ya mfalme wa dola la Qin baada ya kulirudisha jiwe la thamani kwao Zhao kwa siri, anasema 臣請就湯鑊. 鑊 (huò) ni sufuria kubwa mno, na mtu anaomba kuingizwa humo kama adhabu. Hana njaa. Vivyo hivyo katika Hanshu (historia ya enzi ya Han), wasifu wa Chao Cuo unazungumzia askari wanaokwenda 赴湯火, kwenye maji yachemkayo na moto. Ndiyo mzizi wa nahau 赴湯蹈火 (fù tāng dǎo huǒ), kuwa tayari kwa hatari yoyote. Na wasifu wa Kuai Tong katika kitabu hichohicho una 金城湯池: ukuta wa chuma na handaki la maji yanayochemka, mji usioshambulika. Handaki la supu lingewavutia maadui badala ya kuwazuia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika Lüshi Chunqiu, kitabu cha karne ya 3 KK: 以湯止沸，沸愈不止，去其火則止矣. Ukitaka kutuliza sufuria inayochemka kwa kuiongezea 湯, inazidi kuchemka. Ondoa moto, itatulia. Soma "supu" hapo na akili yote ya sentensi imepotea. Nahau ya sasa 揚湯止沸 (kuchota maji ya moto na kuyamwaga tena ili yaache kuchemka) ina mzizi huohuo, na kinyume chake ni 釜底抽薪, kuchomoa kuni chini ya chungu.

Huenda ukauliza: basi wao supu waliiitaje? Waliiita 羹 (gēng), mchuzi mzito, mara nyingi wenye nyama. Zuozhuan, kitabu cha historia ya kale, chini ya mwaka 722 KK, ina Ying Kaoshu akila kwa mtawala wa Zheng na kuweka nyama kando. Akiulizwa, anasema mama yake amekwisha kuonja vyakula vyake vyote, ila hajawahi kuonja 羹 ya mtawala, anaomba ampelekee. Ukitafuta mlo wa maji maji katika maandishi ya kabla ya enzi ya Han (iliyoanza karne ya 3 KK), tafuta 羹. Usipoteze muda na 湯.

Mpangaji aliingiaje? Polepole, kupitia jikoni na kupitia kwa waganga. Njia ya waganga ndiyo iliyo wazi zaidi. Ukichemsha mizizi na magome katika maji, yale maji ya moto bado ni 湯, lakini sasa yana kitu ndani. Katika Shanghan Lun ya Zhang Zhongjing, mganga aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, dawa nyingi zinaishia na herufi hii: 桂枝湯, 麻黃湯, 小柴胡湯. Maelekezo ya 桂枝湯 (Guìzhī tāng) ni haya: vijiti vya mdalasini liǎng 3 (liǎng ni kipimo cha uzito), mzizi wa 芍藥 (sháoyào) liǎng 3, mzizi mtamu wa 甘草 (gāncǎo) uliokaangwa liǎng 2, tangawizi mbichi liǎng 3, na kunazi 12 zilizopasuliwa. Maji ni shēng 7, moto mdogo, mpaka zibaki shēng 3. Chuja, kunywa shēng 1 ikiwa vuguvugu, kisha baada ya kitambo kunywa uji mwepesi wa moto ili kuipa dawa nguvu. Shēng ya wakati huo ilikuwa kama mililita 200, kwa hiyo lita moja na nusu kasoro inapungua hadi mililita 600 hivi. (Sikuandikii dawa, nakuonyesha herufi ikifanya kazi.) Neno 湯 hapo lisome "dawa ya kuchemshwa", tofauti na 散 (sǎn), unga, na 丸 (wán), vidonge vya kufinyangwa. Li Gao, mganga wa karne ya 12 na 13, alizitofautisha kwa kucheza na sauti: 湯者盪也, tāng ni kile kinachofagia (盪, dàng), hutumika kuondoa ugonjwa mkubwa. Usiichukue kama asili ya neno. Ni mbinu ya mwalimu ya kukumbushia, nzuri lakini haina zaidi ya hapo.

Nahau 換湯不換藥 imetoka hapa: kubadili maji ya kuchemshia bila kubadili dawa, yaani kubadilisha sura ya nje tu.

Njia ya jikoni inaonekana katika enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10). Mshairi Wang Jian ana shairi la mistari minne kuhusu bi harusi: 三日入廚下，洗手作羹湯。未諳姑食性，先遣小姑嘗. Siku ya tatu anaingia jikoni, ananawa mikono na kupika 羹湯. Hajajua bado mama mkwe anapenda ladha gani, anamtanguliza wifi mdogo aonje. Zingatia kwamba 羹 na 湯 zimeshikana mikono: mwenye maana ya zamani anamtambulisha mgeni. Kuanzia hapo, ukisoma maandishi ya Tang na Song yenye jiko, "supu" inakuwa tafsiri inayowezekana, si lazima.

Si lazima, kwa sababu katika enzi ya Song (karne ya 10 hadi ya 13) mambo yalichanganyika. Zhu Yu, katika kitabu chake Pingzhou Ketan ya mwaka 1119, anaandika kwamba desturi ya siku zake ni mgeni akifika hunywa chai, akiondoka hunywa 湯. Na hiyo 湯 ni viungo vya dawa vyenye harufu na utamu vilivyosagwa, gāncǎo haikosi, ikinywewa ya moto au hata ya baridi. Hata joto limeondoka! Wakati huohuo watu wa chai walishikilia maana ya kale kabisa. Cai Xiang katika karne ya 11 anasema 候湯最難: kazi ngumu kuliko zote ni kuyavizia maji ya moto, kwani yasipoiva povu huelea, yakiiva mno chai huzama. Kwa hiyo katika karne moja una 湯 tatu: maji ya kuchemshia chai, kinywaji cha viungo, na supu. Anayeamua ni jirani wa herufi. Tazama kitenzi kilichotangulia na kitu kilichotajwa kando yake kabla ya kufungua kamusi.

Sasa mitego, ambayo ndiyo huwaangusha hata walioelewa yote ya juu.

Mtego mkubwa ni mfalme. Mwasisi wa enzi ya Shang anaitwa 湯 au 成湯 (Chéng Tāng). Hapo herufi ni jina tu, haihusiani na joto. Katika mifupa ya kupigia ramli ya Shang jina lake linaandikwa 唐. Kitabu Daxue kinanukuu 湯之盤銘曰：苟日新，日日新，又日新. 盤 ni beseni la kunawia. Mwanafunzi anaona beseni, anaona 湯, anaandika kwa furaha "maandishi ya kwenye beseni la maji ya moto". Hapana: ni "maandishi ya beseni la mfalme Tāng", yakisema kama unaweza kuwa mpya siku moja, basi kuwa mpya kila siku. Dalili za mfalme ni hizi: 湯 inaanza sentensi kama mtenda, inafuatwa na 武 (Wu, mwasisi wa Zhou) kama katika 湯武革命, au karibu yake yupo 桀 (Jié), mfalme mbaya aliyeangushwa. Pia ni jina la ukoo: mwandishi wa tamthilia Tang Xianzu (1550–1616) ni 湯, toni ya kwanza, na asichanganywe na akina 唐 wa toni ya pili.

Mtego wa pili ni sauti. Ukiona imerudiwa, 湯湯, isome shāngshāng: maji mengi yanayotiririka kwa nguvu, hata kama ni baridi kama barafu. Shijing, kitabu cha mashairi ya kale, ina 淇水湯湯，漸車帷裳, mto Qi umefurika na kulowesha mapazia ya gari. Mwandishi Fan Zhongyan mwaka 1046 aliandika 浩浩湯湯 kuhusu ziwa Dongting. Anayesoma "tāngtāng" darasani hucheka peke yake nyumbani baadaye.

Ikiwa kitenzi, isome tàng, toni ya nne: kukanda au kupasha kwa kitu cha moto. Mfano maarufu uko katika kitabu cha kale Han Feizi, hadithi ya mganga Bian Que: 疾在腠理，湯熨之所及也, ugonjwa ukiwa bado kwenye ngozi unafikiwa kwa kukanda kwa maji ya moto na kwa dawa ya moto (熨 hapa husomwa wèi). Baadaye kazi hii ilipewa herufi yake, 燙, ambayo ni 湯 juu ya moto 火. Na bonde la kizushi linakotokea jua, 湯谷, husomwa Yánggǔ. Utalikuta katika vitabu vya kale Chuci na Shanhaijing, na si mara nyingi kwingine.

Upande wa kuoga haujanitoka akilini, kwa kuwa unajibu picha ya rafiki yako. 湯沐 (tāngmù) ni maji ya moto ya kuogea na kuoshea nywele. Kulikuwa na cheo cha ardhi kiitwacho 湯沐邑, "mji wa maji ya kuogea": kipande ambacho mapato yake yalikuwa ya kumgharimia mheshimiwa usafi wake. Mwaka 195 KK mfalme Gaozu wa Han aliufanya mji wa kwao, Pei, kuwa 湯沐邑 yake na kuwasamehe watu wake kodi na kazi za lazima. Mwaka 644 Taizong wa Tang alijengewa 湯泉宮, kasri la chemchemi ya moto, chini ya mlima Li. Mwaka 747 likaitwa Huaqing. Mahali pengi China bado pana 湯 katika jina, kama 湯山 karibu na Nanjing, na sababu ni ileile iliyowafanya watu wa kando ya ziwa Manyara na wa Narok kuita mahali pao Maji Moto.

Japani, basi, 湯 kwa kusoma kwao ni yu au tō: 銭湯 (sentō) ni bafu la umma la kulipia, 男湯 upande wa wanaume, 女湯 upande wa wanawake. Watalii wa Kichina hupiga picha 女湯 wakicheka kwamba wameuziwa "supu ya wanawake". Supu ya Kijapani ya kienyeji ni 汁 (shiru). Wakorea walihifadhi vyote viwili: mogyoktang ni bafu, samgyetang ni supu ya kuku na jinsengi, na tang ni ileile.

Kuhusu kuiandika. 湯 ina mistari 12: mitatu ya maji, tisa ya 昜. Kosa la kila siku ni kuandika 易 badala ya 昜, kwa kusahau mstari mmoja wa kulala kati ya 日 na 勿. Tegemea sikio: jamii ya 昜 inaishia na -ang (陽 yáng, 楊 yáng, 場 chǎng, 腸 cháng, 湯 tāng), jamii ya 易 inaishia na -i (踢 tī, 錫 xī, 賜 cì). Ukisikia -ang, weka mstari. Katika maandishi mapya upande wa kulia umefupishwa kuwa mistari mitatu, hivyo 汤 ina sita. Mwenzake 陽 ameondoka kwenye safu na kuwa 阳. Ukitafuta katika hifadhi ya maandishi ya kale yaliyochapwa kwa herufi za zamani, andika 湯 (namba yake ya kompyuta ni U+6E6F). Ukiandika 汤 (U+6C64) baadhi ya mifumo haitakuletea kitu, nawe utadhani neno halimo. Habari njema ni kwamba 汤 ina asili moja tu, kwa hiyo kuirudisha kuwa 湯 hakuna kubahatisha, tofauti na 后 au 发.

Maana ya kale haijafa kabisa katika lugha ya leo. Imejificha ndani ya maneno mawili matatu. Wakulima wana 溫湯浸種, kuloweka mbegu katika maji ya moto, nyuzi 55 hivi kwa mbegu nyingi za mboga, ili kuua vimelea. Na mtu aliyenyeshewa mvua huitwa 落湯雞 (luò tāng jī). Wanafunzi hudhani ni kuku ndani ya supu, ila yeyote aliyewahi kunyonyoa kuku anajua: ni yule aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto kabla ya kunyonyolewa, manyoya yamegandamana mwilini chapachapa.

Sentensi yako iandike hivi uirudishe: "Siku za baridi tunakunywa maji ya moto, siku za joto tunakunywa maji ya baridi." Neno "baridi" la mwisho halimo katika Kichina; limebebwa na 水 kwa kusimama kwake karibu na 湯. Aliyekukata kwa wino mwekundu akikuuliza umelitoa wapi, mwonyeshe jirani yake.